Mfadhili, punguzo la karo au kapu la jumuiya: upi utakuwapo mwezi wa Mei?

Kidirisha changu kilikuwa na vyuma vitatu na ukingo wa saruji ambao wazazi waliuegemea kwa viwiko. Miaka minane nilipokea karo katika shule ya msingi ya watawa hapa Malindi, nikafika mahali pa kumjua mzazi kwa mwezi anaokuja. Januari huja kila mtu, hata mwenye elfu moja, maana mwaka hauanzwi kwa kujificha. Mwisho wa Agosti huja wale wa hotelini na wa tuktuk, Waitaliano wakiwa wamejaa mji mwezi mzima. Mei haji mtu. Mei nilikuwa nasikia feni ikizunguka.

Ndiyo maana mtu akiniuliza atafute msaada gani wa karo, na akaanza kwa kutaka kujua upi una pesa nyingi, humuuliza kwanza Mei humkuta wapi. Muhula wa pili hufunguliwa mwishoni mwa Aprili. Wakati huo hoteli nyingi zimefunga au zimebaki na mlinzi na mtunza bustani, viti vya majumba ya wageni vimefunikwa shuka, masika yameanza, na kusi imeamka hata mvuvi wa ngalawa hathubutu kutoka nje ya mwamba. Muhula wenyewe ni mrefu. Kila msaada nitakaoutaja hapa nimeupima kwa muhula huo.

Kwanza, shule yako ni ya nani?

"Shule ya Kikatoliki" ni jina moja lenye shule mbili ndani yake, na nimeona watu wakihangaika mwaka mzima kwa kutozitenganisha.

Ya kwanza ni shule ya umma ambayo Kanisa ni mdhamini wake. Ina jina la mtakatifu, pengine msalaba getini, na padre ana kiti kwenye bodi. Lakini walimu wameajiriwa na TSC, tume ya Serikali ya kuajiri walimu, na shule ni ya Serikali. Tangu Januari 2003 elimu ya msingi katika shule hizi hailipiwi karo, na Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 inakataza mtoto wa shule ya umma kutozwa ada ya kusomeshwa. Serikali ilianza kwa kutenga shilingi 1,020 kwa kila mtoto kwa mwaka. Baadaye zikawa 1,420, na kwa sekondari msingi, yaani gredi ya 7 hadi ya 9, ni 15,000. Kinachomfukuza mtoto hapa si karo. Ni chakula cha mchana, sare, pesa ya mitihani, na ile michango ambayo huitwa ya hiari mpaka siku usipoitoa.

Ya pili ni shule binafsi ya jimbo la Kanisa, ya parokia au ya shirika la watawa. Hii haipati ile 1,420. Mshahara wa mwalimu, chaki, umeme na mpishi vyote hutoka kwenye karo. Mzazi akisamehewa shilingi elfu nne, elfu nne hizo zina mtu aliyezikosa au mtu aliyezitoa. Hazikutoka hewani, na ukilielewa hilo utajua kwa nini sista anakunja uso unapoingia ofisini kwake kwa mara ya tatu.

Alinijia mama mmoja kutoka Maweni na barua ndefu ya kuomba mfadhili wa karo wa ng'ambo. Nilipomuuliza mtoto anasoma wapi, nikagundua ni shule ya umma yenye jina la mtakatifu. Alichodaiwa ni pesa za chakula na daftari. Jumuiya yao, yaani kikundi cha majirani Wakatoliki wanaosali pamoja, ilimaliza jambo hilo Jumapili mbili. Angengoja mfadhili, angengoja hadi mtoto amalize gredi ya 6.

Kwa hiyo yanayofuata ni ya walio kwenye shule ya aina ya pili, au wanaotaka kuingia humo. Na kama hujaingia bado, nitasema jambo ambalo aliyekaa kwenye kidirisha cha karo hatarajiwi kulisema: shule ya umma iliyo karibu, yenye mwalimu mkuu mkali na uji wa saa nne, inaweza kumfaa mtoto kuliko shule ya watawa anayofukuzwa kila Mei.

Mfadhili wa ng'ambo

Malindi haiwezi kuzungumzia karo bila kumzungumzia Mtaliano. Wengine wana nyumba hapa, wengine huja kila mwaka, na wako wazee wa kwao wasiowahi kutia mguu Afrika lakini wanamjua mtoto mmoja wa Muyeye kwa jina na kwa picha. Wamalta nao wamo: jimbo letu lilipoundwa mwaka 2000, askofu wake wa kwanza alikuwa Francis Baldacchino, Mkapuchini kutoka Malta, na aliyemfuata, Emanuel Barbara, alikuwa wa huko huko. Njia za msaada zilifuata njia za wamisionari.

Mpango wenyewe ni rahisi. Mtu au familia huahidi kiasi fulani cha euro kila mwezi kwa mtoto mmoja. Pesa hupitia kwa shirika, parokia au watawa, hufika shuleni, na mara moja au mbili kwa mwaka mtoto huandika barua, hupigwa picha, na nakala ya ripoti yake hutumwa.

Uzuri wake sina haja ya kuupamba. Ndio msaada pekee ninaoujua unaoweza kulipa kila kitu: karo, sare, viatu, chakula, hata daktari. Mfadhili mzuri humshika mtoto kuanzia chekechea hadi chuo. Nimeandika stakabadhi za mtoto mmoja kwa miaka sita bila kumwona mzazi wake kidirishani hata mara moja.

Ila ni mtu mmoja. Huzeeka, hufiwa, hustaafu, huachana na mkewe, hukasirika kwa kutojibiwa barua. Hana mkataba na wewe. Mwaka 2020 ugonjwa ulipofunga viwanja vya ndege na Italia ikawa inazika watu, tulijua mfadhili fulani yuko hai pale tu pesa zake zilipoingia. Kuna ambazo hazikuingia tena, na hakuna aliyekuwa na ujasiri wa kuuliza kwa nini.

Kuna na jambo la euro, ambalo wazazi hawalifikirii. Mwanzoni mwa 2024 shilingi yetu ilikuwa imeanguka vibaya. Dola ilipita 160 na euro ilikuwa karibu 175. Katikati ya mwaka huo huo shilingi ikawa imepata nguvu, euro ikashuka hadi karibu 140. Mfadhili wa euro 20 kwa mwezi hutoa euro 240 kwa mwaka. Kwa kiwango cha Januari ni shilingi 42,000. Kwa kiwango cha Julai ni 33,600. Mtu yule yule, moyo ule ule, na shimo la shilingi 8,400 katikati. Anayeliziba ni nani? Uliza swali hili kabla hujaweka sahihi. Mashirika mengine huweka akiba miaka ya neema. Mengine humtumia mzazi ujumbe tu.

Uliza pia ahadi inaishia wapi. Wafadhili wa zamani waliahidi "hadi darasa la nane", na darasa la nane halipo tena. Mtihani wake, KCPE, ulifanywa mara ya mwisho 2023. Sasa msingi unaishia gredi ya 6, kisha gredi ya 7 hadi ya 9 ni sekondari msingi, ambayo shule nyingi za binafsi huiendesha papo hapo kwa karo ya juu kidogo. Mfadhili aliyeambiwa "shule ya msingi" anaweza kudhani kazi yake imekwisha gredi ya 6, nawe ukadhani ana miaka mitatu zaidi. Nimeshuhudia kutoelewana huku kukimtoa mama machozi kidirishani, na hakuna aliyekuwa mwongo kati yao.

Halafu kuna picha. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inataka idhini ya mzazi au mlezi kabla taarifa za mtoto hazijatumiwa, na picha ni taarifa. Una haki ya kuuliza picha ya mwanao itabandikwa wapi, na una haki ya kukataa asipigwe amevaa matambara ilhali ana shati zuri nyumbani. Shirika lenye adabu halitakunyima msaada kwa hilo. Likikunyima, umepata jibu lako mapema.

Usichanganye haya yote na yule mgeni aliyekutana na mtoto ufukweni, akampenda kwa Kiingereza chake, akaahidi kumsomesha kwa kutuma pesa kwenye simu ya mjomba. Huo siuhesabu kuwa msaada wa karo. Shule haimjui, hakuna barua, hakuna wa kuuliza ikikatika, na mtoto anajifunza kwamba ufukweni kuna karo. Hilo la mwisho ndilo linalonitisha zaidi.

Punguzo la karo kutoka shuleni

Hapa shule yenyewe, kwa mfuko wake au wa shirika la watawa, hukuambia: lipa nusu, au lipa theluthi mbili, nyingine tutaibeba. Ni msaada mkavu. Hauna picha, hauna kadi ya Krismasi, na haulipi kila kitu. Kwa kawaida chakula, sare na usafiri hubaki juu yako. Wazazi wengi huudharau kwa sababu wanausikia kama mapatano ya bei sokoni.

Mimi ndio ninaoupenda kuliko yote, kwa familia yenye chochote kile kinachoingia.

Sababu ya kwanza ni kwamba anayetoa na anayepokea wako kwenye uwanja mmoja. Mambo yakiharibika unabisha mlango, hutumi barua pepe Bergamo. Ya pili, mtoto hajui. Kwenye orodha yangu ya madeni jina lake lilikaa kama majina mengine, na salio likisoma sifuri mwalimu hakuwa na habari kwamba nusu yake ililipwa na nani. Ya tatu, unaendelea kulipa, na mzazi anayelipa huuliza maswali. Wazazi wa punguzo ndio waliokuja mikutanoni na kuuliza kwa nini mtoto hajapewa kitabu cha Kiswahili. Wazazi wa watoto waliolipiwa kila kitu walikaa nyuma na kunyamaza, kana kwamba wameingia harusi bila kadi.

Wamarekani nao walifika huko huko kwa njia yao. Chicago, mwaka 1986, Kadinali Joseph Bernardin alipoona shule za Kikatoliki za mitaa maskini zinaelekea kufungwa, ulianzishwa mfuko uitwao Big Shoulders Fund. New York walikuwa tayari na Inner-City Scholarship Fund tangu 1971. Wenye mali wengi huchangia mfuko mmoja, mfuko husaidia shule na watoto wa familia za kipato cha chini, na wengi wa watoto hao si Wakatoliki. Sitaki kulinganisha Malindi na Chicago, kule kuna mabenki na huku kuna maduka ya M-Pesa. Ninachokiangalia ni umbo: mmoja wa wachangiaji akifa, mtoto hatambui. Mfuko mdogo wa watawa wetu, wenye wachangiaji kumi, una umbo hilo pia.

Udhaifu wake una sura ya mtu mmoja, naye ni sista mkuu. Watawa huhamishwa. Yule aliyekuelewa, aliyejua mumeo aliumia mgongo kwenye mashua, anaondoka Desemba, na Januari anakaa kitini mwingine mwenye daftari jipya. Kama punguzo lako lilikuwa la mdomo, limeondoka naye kwenye basi. Dai barua. Si lazima iwe ndefu: jina la mtoto, kiasi, mwaka, muhuri. Nilizoea kuwaambia wazazi waiombe wakati ule ule wanaposhukuru, maana hapo hakuna anayekataa.

Na uliza jambo la pili ambalo ni zito kuliko kiasi: naweza kulipa kwa msimu? Karo iliyogawanywa mara tatu sawasawa imepangwa kwa ajili ya mtu wa mshahara. Malindi si mji wa mishahara. Tuchukue mfano ambao si wa shule yoyote: karo 9,000 kwa muhula na chakula 3,000, jumla 36,000 kwa mwaka. Ukipata punguzo la nusu ya karo, unabaki na 7,500 kila muhula, yaani 22,500 kwa mwaka. Kwenye karatasi ni nafuu kubwa, ila Mei 7,500 bado huna. Sasa iandike upya: 12,500 kati ya Januari na Machi, kaskazi ikivuma na wageni wakiwapo, 3,000 muhula wa pili, 7,000 mwishoni mwa Agosti. Jumla ni ile ile 22,500 na shule haikupoteza hata ndururu. Nilipoanza kuwaandikia wachache ratiba ya namna hii, kwa ruhusa ya mkuu wetu, walilipa vizuri kuliko wengi waliokuwa na uwezo zaidi. Kuna shule zitakazokubali mpango huu bila kukupa punguzo lolote, na kwa baadhi ya familia huo peke yake unatosha.

Kapu la jumuiya na wale wa Mtakatifu Vinsenti

Jumuiya ndogo ndogo yenye nyumba thelathini, kila nyumba ikitoa shilingi hamsini kwa wiki, ina 1,500 Jumapili. Wiki mbili ni 3,000, yaani chakula cha muhula mzima katika ule mfano wangu. Hakuna fomu. Mwenyekiti anajua unakolala na mvua inavuja wapi. Parokia yenye Chama cha Mtakatifu Vinsenti wa Paulo, kile kilichoanzishwa Paris mwaka 1833 na Frédéric Ozanam na wenzake, ina watu ambao desturi yao ni kuja nyumbani kwako wakaone kwa macho kabla ya kutoa.

Ni msaada wa haraka kuliko wote, na mdogo kuliko wote. Hauwezi kubeba karo ya mwaka wa mtoto, na ukijaribu kuubebesha utavunjika: nyumba thelathini hizo hizo Mei nazo hazina kitu. Uutumie kwa pengo, siyo kwa jengo. Mtoto amerudishwa nyumbani kwa 2,800, mtihani ni kesho kutwa: hapo jumuiya ndiyo baba na mama.

Bei yake ni kwamba kila mtu atajua. Aliyekuchangia hamsini Jumapili atakuona Jumatano umenunua samaki, na samaki huyo atajadiliwa. Wako wanaoweza kuishi na hilo na wako wasioweza, jijue.

Jirani zetu Waislamu, ambao watoto wao wako kwenye madarasa haya haya, mara nyingi huniuliza kama msaada wa Kikatoliki ni wa Wakatoliki. Punguzo la shule huangalia hali ya nyumba. Mfadhili wa ng'ambo hutegemea shirika, ila mengi niliyoyajua hayakuuliza dini. Kapu la jumuiya, kwa umbile lake, humfikia anayejulikana jumuiyani, na kwa hilo mama Mwislamu atakuwa na kazi ya ziada ya kupitia kwa jirani. Aanze na ofisi ya shule.

Basari za serikali

Kwa ufupi, kwa sababu hapa watu hupoteza nauli. Basari ya NG-CDF, mfuko wa Serikali wa maeneo bunge, huenda hasa kwa wanafunzi wa shule za upili na vyuo. Mtoto wa gredi ya 4 katika shule binafsi ya watawa hayumo akilini mwa kamati. Kaunti, kwa Katiba, imekabidhiwa chekechea na vyuo vya ufundi vya vijiji. Ufadhili mkubwa wa majina, kama Wings to Fly, ni wa sekondari. Hifadhi nguvu zako na faili lako la ripoti kwa ajili ya gredi ya 10, wakati mlango huo utakapokuhusu. Na ufuatilie redio: Septemba 2024 Mahakama Kuu iliamua kwamba sheria ya NG-CDF inakwenda kinyume cha Katiba, kwa hiyo usiujengee nyumba.

Kulipa kwa mikono

Huu haumo kwenye fomu yoyote. Shule ina jikoni, ina paa la makuti la bwalo, ina ua unaokatika. Wazazi wamelipa kwa mahindi, kwa kuni, kwa samaki wa Ijumaa, kwa siku kumi za kupaka rangi wakati wa likizo. Nilikuwa na daftari la pembeni kwa ajili hiyo: kilo, bei ya soko ya siku hiyo, sahihi ya mpishi, sahihi ya mzazi. Sahihi ya mpishi ni muhimu. Bila hiyo, samaki huliwa na deni likabaki.

Ubaya ni kwamba shule haiwezi kumlipa mwalimu kwa samaki, hivyo kuna kikomo, na kikomo hicho kwa kawaida ni sehemu ya chakula ya ada. Lakini kwa mtu asiyependa kuomba, hakuna njia yenye heshima kama hii.

Nani achague nini

Nitachukua nyumba tatu ambazo kila mtu wa hapa anazijua, hata kama si hizi hasa.

Mama anayefua na kupiga deki kwenye majumba ya Waitaliano. Kila mtu atamwambia, "Wewe uko karibu nao, omba mfadhili." Mimi namwambia asianze huko. Mshahara wake na mfadhili vitatoka kwenye mfuko mmoja. Siku Waitaliano wasipokuja, kama walivyoacha kuja 2020, atapoteza kazi na karo wiki moja. Usifunge ngalawa mbili kwenye kigingi kimoja. Aombe punguzo la shule na ratiba ya msimu. Bosi wake akitaka kusaidia, alipe moja kwa moja shuleni kwa risiti, mwaka mzima kwa mkupuo, Januari akiwa bado yupo.

Mvuvi mwenye watoto watatu. Kwake shida si kiasi cha mwaka bali mwezi. Ratiba ya msimu kwanza, kisha samaki kwa jikoni, punguzo kama itabidi. Mfadhili kwa mtoto mmoja kati ya watatu ningemshauri asite. Nimeona ndugu wawili wakitazama viatu vipya vya wa tatu, na nimeona baba akijuta. Kama shirika litakubali kugawa pesa hizo kwa watoto wote watatu kama sehemu ya karo, hapo sawa. Mengine hukubali ukiwaeleza vizuri.

Nyanya wa Ganda anayelea wajukuu wawili wasio na wazazi, mwenye minazi minne na mguu mbaya. Huyu hana nusu ya kulipa, punguzo ni kumwongezea deni. Huyu ndiye aliyeumbiwa mfadhili wa ng'ambo, kupitia shirika au parokia yenye ofisi, yenye akiba, na yenye mtu wa kumsomea barua. Jumuiya ikae nyuma yake kwa ajili ya mwezi ambao pesa imechelewa. Nao wakimwambia nafasi za mfadhili zimejaa, awapeleke watoto shule ya umma ya karibu huku jina likingoja kwenye orodha. Wasingoje nyumbani.

Jimbo letu limefika hadi Lamu na Tana River, kwa hiyo nimeulizwa pia na watu wa Mpeketoni na Witu. Kwa mkulima, Mei ni mwezi wa kupalilia, pesa iko ardhini. Mbadilishie tarehe zile ratiba zifuate mavuno. Mengine yote ni yale yale.

Lini na kwa karatasi gani

Watu huomba Januari. Januari ni wakati wa kuambiwa hapana, kwa sababu bajeti imeshafungwa na nafasi zimegawiwa. Shule hufunga muhula wa tatu mwishoni mwa Oktoba; barua yako iwe mezani kabla ya hapo. Ambatisha nakala ya cheti cha kuzaliwa, ripoti mbili za mwisho, barua ya chifu, na kama wewe ni muumini, ya paroko. Cheti cha kuzaliwa kikiwa hakipo, kianze leo, maana hicho ndicho hukwamisha watu wengi kuliko umaskini wenyewe.

Barua iwe ukurasa mmoja. Sema unafanya kazi gani, miezi gani huingiza na miezi gani huna, unaweza kulipa kiasi gani na lini. Wanaoandika "sina kitu kabisa" huwa hawaaminiki, hata wanaposema kweli. Aliyeandika "naweza kutoa elfu nne kabla ya Machi na elfu mbili Agosti" nilimwona akipata jibu. Kama una deni la mwaka jana lisifichwe, liandike. Liko kwenye daftari, sista analiona.

Ukiwa unahama shule, kumbuka kwamba uhamisho hupitia kwenye mfumo wa wanafunzi wa Wizara, na shule unayotoka ndiyo humwachilia mtoto humo. Deni lililoachwa bila maelewano hukufuata hadi huko. Kalimalize au kaliandikie ahadi kwanza.

Na barua yoyote unayopeleka, nenda na nakala mbili. Moja waichukue, nyingine wakugongee muhuri wa tarehe uondoke nayo.